Demo Kutoka Gehandu

Tuliachana Zulfa akiwa ameshika hedifoni kwa mikono miwili, na mpaka leo hii hajaziachia.

Wewe ambaye hukununua gazeti juma lililopita, shauri yako. Lakini sina roho mbaya, nitakumegea kidogo. Zulfa ni mtangazaji wa Redio Ngano, pale Katesh, na kazi yake kubwa siku hizi ni kusikiliza demo za bendi zisizo na mwenyewe: hazina meneja, hazina studio, hazina chochote ila hamu ya kuimba. Zinamfikia kwa WhatsApp na kwa flashi. Bendi moja tu itachaguliwa ikarekodiwe Arusha bure. Na ndani ya demo ya vijana wa Gehandu, kwenye kiitikio, Zulfa alisikia sauti ya mume wake.

Mume wake, Halfani, alifukiwa na tope la mlima Hanang kule Jorodom, alfajiri ile ya Desemba ambayo hakuna mtu wa Katesh anayehitaji kukumbushwa. Zulfa alitolewa hai. Mwili wa Halfani haukupatikana. Akaswaliwa bila jeneza, Zulfa akakaa eda mpaka ikaisha, na Ijumaa hii anaolewa na Yakubu, mfanyabiashara wa nafaka wa Dongobesh.

Sasa sikia. Wimbo wenyewe ulikuwa unaimba habari za tope lile lile. Marehemu anaimbaje habari za tope lililomuua?

Zulfa akarudisha nyuma. Akasikiliza. Akarudisha tena.

"Tope limekaa mlangoni, mama usilie jikoni, tunakuja, tunakuja, tunachelewa kidogo tu."

Lile neno "kidogo" lilivyovutwa, likaachwa lining'inie kabla ya kukatwa, lilikuwa Halfani mtupu. Ndivyo alivyonadi mashati ya mitumba mnadani, wanawake wakacheka huku wanafungua pochi. Sauti ilikuwa imekauka kidogo, kama ya mtu mwenye mafua, lakini mke haulizi mafua. Zulfa alilala na sauti hiyo pembeni ya sikio lake tangu alipoolewa.

"Yuko hai," alijiambia. Alijisikia aibu kwa furaha iliyompanda, kwa sababu hapo hapo alikumbuka hina ya Ijumaa.

Patriki, mkuu wa vipindi, akachungulia mlangoni.

"Umeshachagua?"

"Bado."

"Ya Gehandu ndiyo yenyewe. Nimeisikiliza jana nikalia, na mimi silii ovyo. Jumamosi naipiga hewani."

"Usiipige, Patriki."

"Kwa nini?"

"Nipe nafasi kidogo. Nakuomba."

Patriki akamtazama usoni, akaona kitu ambacho hakukipenda, akafunga mlango polepole. Ni mtu mwenye kelele, lakini si mjinga.

Zulfa akajaribu kumalizia zilizobaki, maana kazi ni kazi. Kulikuwa na vijana wa Bashay waliorekodia karibu na zizi, ng'ombe akaingia katikati ya ubeti wa pili, na nikisema ukweli aliimba vizuri kuliko mpiga solo. Kulikuwa na kwaya ya Dongobesh iliyoanza kwa ugomvi wa nani asimame mbele. Siku nyingine angecheka mpaka machozi. Siku hiyo hakusikia chochote, akakusanya mkoba akaenda nyumbani.

Alikuwa ameapa moyoni kwamba mama mkwe hataambiwa kitu mpaka jambo lithibitike.

Bibi Shumbana, mama yake Halfani, aliyempokea Zulfa kwake baada ya tope, alikuwa sebuleni, anachambua mchele wa shughuli ya Ijumaa. Tena yeye ndiye aliyembembeleza Zulfa akubali posa. "Wewe bado kijana," alimwambia, "usikae hapa uzeeke na mimi." Niambieni nyie wasomaji, mama mkwe wa namna hiyo mnao wangapi?

Zulfa akampa shikamoo, akapita, akajifungia chumbani. Akaiweka simu sikioni, sauti chini kabisa. Haikusaidia. Mlango ukafunguka, na bibi Shumbana akasimama pale na sinia lake.

"Rudisha hapo."

"Mama..."

"Rudisha nyuma, Zulfa."

Akarudisha. Sinia likainama mkononi mwa bibi, mchele ukaanza kumwagika sakafuni, naye hata hakuangalia.

"Huyo ni Halfani."

"Ndiyo, mama."

"Anaimbia wapi?"

"Gehandu."

"Gehandu ni hapo tu," alisema bibi, kama vile mwanaye ametumwa dukani akachelewa. "Kwa nini hajaja?"

Zulfa akapiga magoti. Akaokota mchele punje kwa punje ili asimtazame usoni, na bibi akakaa kitandani akaanza kulia bila sauti.

Hapo ndipo hodi ikasikika nje. Ni Yakubu, na ndoo ya mafuta ya kupikia kwa ajili ya Ijumaa.

Yakubu, kwa asiyemfahamu, ni mwanaume mpole anayeongea kidogo. Alikuwa rafiki wa Halfani tangu wote wawili wakiwa na meza moja mnadani. Zulfa akamweleza yote pale pale mlangoni, kwa sababu hakuona njia ya kumweleza nusu. Yakubu akaiweka ndoo chini.

"Watu wanafanana sauti, Zulfa."

"Mama yake ameitambua."

"Mama amefiwa. Aliyefiwa husikia anachokitaka."

"Yakubu, kama yuko hai je?"

"Kama yuko hai, Ijumaa haipo," akasema Yakubu. "Mvishe mama koti, kule kuna baridi. Nitawapeleka mimi."

Zulfa alimpenda kwa jibu hilo. Nasema wazi kwa sababu ni kweli: katika siku zote za uchumba wao, hajawahi kumpenda kama dakika ile, wakati anakubali kumpoteza.

Wakapanda pikapu yake, bibi akakaa dirishani, Zulfa katikati. Njia nzima bibi alikuwa anapanga. Halfani atalala chumba kipi. Nguo zake zote zilikwenda na tope, itabidi zinunuliwe nyingine. Pengine aligongwa kichwani akasahau kwao, mambo hayo yapo. Mlima ulikuwa upande wao, na ule mchirizi wa tope ukionekana bado juu yake, lakini bibi hakuutazama. Yakubu aliendesha bila kusema neno.

Gehandu walielekezwa kwa Herman, kiongozi wa bendi. Walimkuta uani kwao anafunga waya wa breki ya baiskeli kwenye gitaa, mahali pa uzi uliokatika. Kijana mwenye adabu. Alimpa bibi Shumbana shikamoo kwa mikono miwili, akamgeukia Zulfa, na Zulfa alipojitaja tu, gitaa likaanguka chini.

"Zulfa wa Redio Ngano? Mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Tumeshinda," alisema Herman, akashika kichwa. "Mama, njoo. Tumeshinda. Redio wamekuja nyumbani."

Jamani. Kabla Zulfa hajafungua mdomo, majirani walishaanza kujaa. Mpiga ngoma akatokea shambani na jembe lake, mtu akapiga vigelegele nyuma ya nyumba, vigoda vikaletwa. Mama yake Herman, Evaline, akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, akawakaribisha ndani, akawamiminia chai ya maziwa. Hakuwa amechangamka kama wenzake. Alimtazama Zulfa kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Yakubu alikaa kigoda cha karibu na mlango.

"Kaka Herman," Zulfa akasema, "hatujaja kwa habari ya ushindi. Bado hatujachagua. Nina swali moja. Yule anayeimba kiitikio ni nani?"

Kelele zikapungua.

"Ni Lukasi."

"Nataka kumwona."

Herman akatazama wenzake. "Dada, Lukasi ni marehemu. Ni mdogo wangu. Alifia Jorodom, kwenye tope."

"Haiwezekani," Zulfa akasema. "Wimbo unaimba habari za tope. Aliimba lini?"

"Aliimba akiwa ndani yake."

Bibi Shumbana alimgeukia Zulfa ili aelezwe, maana mawazo yake yalikuwa bado kwenye vyumba na nguo za Halfani.

"Alikuwa amefukiwa," Herman akaendelea kwa upole. "Nadhani alikuwa anangoja waje kumchimbua, akaimba. Simu ikarekodi. Sisi tulichofanya ni kuongeza ngoma na gitaa na beti zetu."

Zulfa akafiwa upya, pale pale kwenye kigoda, na kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza watu walimwambia Halfani hakusikia kitu, tope lilikuja ghafla, alikwenda papo hapo. Alikuwa ameliegemea neno hilo muda wote huu. Sauti ile ilikuwa ya Halfani, Herman aseme asemavyo, na sasa alijua kwamba alikuwa hai chini ya tope, na kwamba alikuwa anamwimbia.

"Mama, twende nyumbani," akasema.

"Siendi," akasema bibi Shumbana. "Kijana, hiyo simu uliipata wapi?"

"Nilikwenda Jorodom kuchimba na wenzangu, namtafuta Lukasi. Hatukumpata. Niliokota koti lake tu, chini kabisa karibu na barabara. Simu ilikuwa mfukoni. Ilishakufa, lakini memori kadi yake ilifunguka, na ndani yake kulikuwa na sauti hiyo moja tu, mengine yote yaligoma."

"Lukasi alikuwa anakaa wapi?"

"Alipanga chumba cha uani kwa bwana mmoja wa mitumba."

"Lukasi," akasema Zulfa. "Yule aliyekuwa anabeba marobota na Halfani kwenda mnadani. Lukasi wetu."

"Bwana wa mitumba ni mwanangu," bibi akasema. "Na anayeimba humo ni mwanangu."

Herman alibadilika uso. Heshima ilibaki, lakini sauti ilipanda. "Mama, pole sana kwa msiba. Lakini koti ni la mdogo wangu, simu imetoka kwenye koti lake. Anasema 'mama usilie jikoni.' Mama yake ni huyu hapa."

"Jikoni nilikuwa mimi," akasema Zulfa. "Halfani aliniita mama tangu siku ya ndoa. Alfajiri ile alikwenda uani kumwamsha Lukasi wafunge marobota, mimi nikabaki naandaa chai."

"Dada, sisi tumemlilia mtu kwa sauti hii. Kanisani tumeipiga. Usije hapa na gari ukatunyang'anya."

"Herman," akasema Evaline.

"Mama, ngoja."

"Herman. Si Lukasi."

Mama huyu alikuwa hajasema kitu tangu amimine chai. Aliongea kwa Kiswahili cha taratibu, kila neno akilipima kwanza.

"Siku ya kwanza uliponisikilizisha nilijua. Mwanangu nimemzaa mimi. Lakini wewe ulikuwa umeacha kula, umeacha kulala, unasema wewe ndiye uliyemtuma Lukasi Katesh akatafute kazi. Ulipopata hiyo sauti ukala. Ukashika gitaa. Nikasema moyoni, acha awe Lukasi."

Herman akakaa chini polepole. Mimi niliyeandika visa vingi vya watu kupigana ngumi sijaona mtu akiangushwa vile kwa maneno machache.

"Kwa hiyo Lukasi yuko wapi?" akauliza, kama mtoto.

Na hapo, msomaji, ile kazi ya Zulfa ndiyo ikasaidia, maana kichwa chake kilishika kitu ambacho wengine walikipita.

"Herman, hii mliyotuletea ndivyo ilivyotoka kwenye simu?"

"Hapana. Ilikuwa chafu. Ilikuwa na makelele, kuna kitu kinagugumia chini ya sauti, kinamharibia. Wewe mwenyewe hutangaza kila juma, dada: 'Demo yenye makelele hatuichezi, tusafishieni sauti.' Basi nikampelekea kijana mmoja mwenye kompyuta, akaisafisha. Siku hizi ni kubonyeza tu, inabaki sauti moja."

Ni kweli Zulfa alikuwa anatangaza hivyo, tena kwa mbwembwe, na kicheko mwishoni.

"Ile chafu ipo?"

"Ipo kwenye kadi."

"Mama, umewahi kuisikia?" Zulfa akamwuliza Evaline.

"Sikumpa," Herman akasema. "Ana presha."

"Ilete," akasema Evaline.

Ikaletwa, ikachomekwa kwenye simu ya Herman, simu ikaunganishwa na spika ya bendi. Kwanza ni mchakacho mtupu, maji yakichuruzika mahali fulani, udongo ukidondoka. Kisha Halfani akaanza, bila ngoma, bila gitaa. Tope limekaa mlangoni. Bibi Shumbana akafunika uso kwa ushungi.

Na chini ya Halfani kulikuwa na mtu mwingine. Hakuwa na maneno. Alikuwa anafuata wimbo kwa pua, anaishiwa pumzi, anaukosa, anaudaka tena. Halfani kila akifika kwenye "tunakuja" alikuwa anapunguza mwendo ili yule mwingine amfikie.

Evaline alisimama. Akasogea mpaka kwenye spika, akaiwekea kiganja.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye wangu."

Herman alitoa mlio ambao sitauandika. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemfuta mdogo wake, akabakiza mgeni, akaituma redioni akitumaini kushinda.

"Sikujua, mama. Nilidhani ni makelele."

"Najua hukujua."

"Nilidhani ni makelele."

Zulfa alitaka kumwambia kwamba kosa si lake, ni la yule mwanamke wa redioni mwenye kicheko. Bibi Shumbana ndiye aliyeinuka, akaenda kusimama karibu na Evaline, akampa mkono. Mama wawili wakasimama mbele ya spika moja, mwenye rozari shingoni na mwenye ushungi, kila mmoja anasikiliza wake.

Wimbo ukaisha. Kikafuata kimya, na mchakacho. Herman akanyoosha mkono kuzima.

"Iache," akasema Zulfa.

"Hapo imeisha, dada. Ni kimya tupu mpaka mwisho. Sisi hatukuendelea."

"Iache."

Hajawahi kuzima demo kabla haijafika mwisho, huyu Zulfa. Bendi nyingi husahau simu inarekodi, na baada ya wimbo ndipo unapowasikia watu walivyo: wanagombana, wanasifiana, mmoja anaulizia ugali. Basi wakakaa wote wakasikiliza kimya. Kikaenda, kikaenda. Mpiga ngoma akaanza kukohoa. Evaline hakuondoa kiganja chake.

Kisha kwa mbali sana, juu ya tope, mtu akaita.

"Kuna mtu humu?"

"Tupo." Ni Halfani, amechangamka ghafla. "Tupo hapa. Nani wewe?"

"Halfani? Mimi Yakubu."

Zulfa hakugeuka kumtazama aliyekaa mlangoni. Hakuweza. Yakubu alikuwa amemwambia, si mara moja, kwamba alfajiri ile alikuwa Dongobesh, na habari za tope alizipata kwa simu. Zulfa alipozinduka hospitali aliambiwa kwamba waokoaji walimkuta kando ya barabara. Hakuna aliyejua nani alimfikisha pale.

"Mko wangapi?" iliuliza sauti ya Yakubu kwenye spika.

"Wawili. Mimi na Lukasi. Lukasi mguu umebanwa, lakini anapumua."

Ikasikika koleo ikipiga mawe. Mara moja, mara mbili, tena na tena.

"Yakubu, acha," akasema Halfani. "Tuache sisi. Zulfa yuko jikoni, upande ule bati limeshaanguka. Mtoe Zulfa kwanza, halafu urudi."

"Nyie je?"

"Sisi tuna nafasi ya kupumua. Yeye sijui. Nenda."

"Nitarudi."

"Najua. Nenda, ndugu yangu."

Hatua zikaondoka juu ya tope, zikapungua, zikapotea. Halfani akacheka kidogo, kile kicheko chake cha mnadani.

"Umesikia, Lukasi? Anarudi. Shika hii simu yangu, itie kwenye koti lako, mimi mkono umekufa ganzi. Haya, tuimbe ili asitupite akirudi."

Wakaimba tena. Halfani akipunguza mwendo, Lukasi akimfikia. Wakarudia, wakarudia, kila mara wimbo ukiwa mfupi zaidi, mpaka yule wa chini akaacha kufuata, na Halfani akaimba peke yake, na kadi ikafika mwisho wake katikati ya neno "tunachelewa."

Herman hakuzima spika. Iliendelea kuunguruma tupu.

Sasa ndipo Zulfa alipogeuka. Yakubu alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi, lakini hakuwa anatoka. Uso wake ulikuwa umelowa. Majirani walitazamana, hawajui huyu mgeni ni nani, mpaka walipoona jinsi Zulfa alivyomtazama.

"Ni wewe uliyenitoa," akasema Zulfa.

"Ni mimi."

"Mbona hukuniambia?"

Yakubu akatikisa kichwa tu.

"Mwacheni," akasema bibi Shumbana. Alimwachia Evaline mkono, akaja mpaka mbele yake, mdogo, amejikunja, akalazimika kuinua kichwa ili amwone. Aliongea bila ukali, kama anavyoongea naye kila siku. "Asante kwa kumtoa mkwe wangu. Kusema kweli nakushukuru, na Mungu anajua. Sasa niambie na mimi, mwanangu. Ulimfikisha barabarani. Tope likaja tena? Njia ilikuwa imeziba?"

Mngempa jibu nyie. Zulfa alikuwa anampa, kimoyomoyo, anamwombea aseme ndiyo. Hata Evaline alikuwa anamwombea. Neno moja tu, na Ijumaa ingebaki Ijumaa, na kila mtu angerudi kwake akalia kilio cha kawaida.

Yakubu alimtazama Zulfa kwa muda, kama mtu anayemtazama kwa mara ya mwisho, kisha akamtazama bibi.

"Hapana, mama," akasema. "Njia ilikuwa wazi."